Koti Juu ya Mizani

Tarehe 3 Februari

Mwanangu mpenzi Kitindamimba,

Nakusalimu kwa upendo wa baba, nikitumaini kuwa maneno haya yatakukuta mzima, na kwamba sabuni za hoteli hazijakumaliza mikono. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa mashine ya figo anavyoweza kuwa hajambo. Uniwie radhi kwa kumsumbua tena fundi cherehani aipige picha barua yangu na kukutumia. Masikio yangu yalistaafu kabla ya mwenyewe, na nikishika simu nasikia nyuki tu.

Nina habari ya kukufurahisha. Presha imeshuka. Unakumbuka nilivyoanza kusafishwa damu ilikuwa mia na themanini, na daktari akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeona daftari chafu. Juma lililopita ilisoma mia na thelathini, na leo imekuwa mia na ishirini. Daktari ameniachisha kidonge kimoja. Nilirudi nyumbani nikaieleza picha ya marehemu mama yako, maana yeye iliyomwangusha ni presha ya kupanda, na kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Nilimwambia kwamba mimi sitamfuata kwa njia ile.

Wagonjwa wenzangu wamenipa jina, Mzee Koti, kwa sababu siendi pale bila koti alilonishonea mama yako. Sioni vyema kusimama na shati tupu mbele ya muuguzi ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Isitoshe, chumba kile kina baridi. Uniombee.

Ni mimi babako

Tarehe 5 Februari

Shikamoo baba,

Natumaini umeamka salama, na fundi pia namsalimu kwa vile najua anasoma kabla yako. Mimi mzima. Mikono ipo yote miwili.

Baba, nilivyosoma habari ya presha nilipiga kigelegele kule kufulia hadi msimamizi akachungulia akidhani mashine imevunjika. Tangu mama aondoke sijawahi kulala bila kuiwaza hiyo presha. Basi ishuke, na izidi kushuka. Ukiachishwa kidonge cha pili niambie, nitacheza.

Ila fundi amechomeka neno lake chini ya picha, kwamba suruali zako amezipunguza kiuno tena. Unakula?

Mwanao Kitindamimba

Tarehe 24 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na radhi nyingi kuliko salamu, kwa kunyamaza muda huu wote. Ninaendelea vizuri. Usishtuke kuona mistari imepinda. Siku za karibuni nikitoka mashineni kalamu huwa nzito.

Nakula, ingawa si kama zamani. Chakula kimepoteza ladha, nami sikuona sababu ya kumchosha daktari kwa jambo dogo kama hilo. Kidonge cha pili nimeachishwa, na hata hivyo presha inaendelea kushuka yenyewe. Juzi nilifika ikiwa mia moja, na katikati ya kusafishwa ikasoma themanini na kitu. Misuli ya miguu ilinikaza, na dari ikawa mbali sana, kama kwa mtu anayeitazama kutoka kisimani. Nilistahimili bila kumwita mtu, kwa sababu muuguzi alikuwa akimhudumia mwingine. Dereva mstaafu anayekaa kiti cha jirani ndiye aliyemwita. Kisha akaniambia, "Mzee Koti, presha yako inateremka kama lori lililokatika breki, na wewe unawapungia watu mkono." Tulicheka, ingawa yeye aliacha kucheka mapema.

Nilipofika mlangoni kwetu magoti yalikataa ngazi. Fundi alinibeba. Aliniketisha akaanza kusema, "Mzee, mficha maradhi," kisha akaenda kunitafutia maji bila kuimaliza methali.

Usiwe na wasiwasi. Nimeanza kuvaa sweta mbili ndani ya koti kwa ajili ya baridi. Hata juu ya mizani muuguzi huniruhusu kubaki na koti langu, na Biblia na kitabu cha nyimbo mfukoni. Huniambia, "Babu, panda tu ulivyo." Ni binti mwenye malezi mema. Hupima uzito, huona nimezidi kiasi gani, na mashine huondoa kile kilichozidi. Ajabu ni kwamba nazidi kukonda na bado kila mara naambiwa nina maji mengi.

Ni mimi babako

Tarehe 25 Februari

Shikamoo baba,

Nisamehe, leo sianzi na mambo ya hali ya hewa.

Hapa kufulia hatutii nguo mashineni kabla ya kuipima. Koti la sufu la mtu mzima ni mzigo. Nimesoma barua yako nimesimama pale pale kwenye mizani. Nikakimbilia kwa mwenzangu wa chumba, ambaye ni muuguzi na aliwahi kufanya kazi kwenye mashine kama yako. Nikamuuliza: baba akipanda mizani na koti, sweta mbili na Biblia, mashine itajuaje kwamba ule si mwili?

Akasema haiwezi kujua. Uzito wako wa kulinganishia, ule usio na maji ya ziada, ulipimwa ukiwa na nguo nyepesi za wodi, siku ya kwanza, ukiwa bado na nyama. Sasa umekonda, lakini kabati ulilovaa ni zito kuliko nyama uliyopoteza. Wanahesabu koti kuwa maji, baba, na maji hayo hayapo. Wanakukamua.

Halafu nikamwambia ile habari njema yetu ya presha. Akaniuliza inafika ngapi kabla hujawekwa mashineni. Nikamwambia mia. Akaweka kijiko chini. Akasema kwa watu wa kawaida presha ya kupanda ndiyo ya kuogopwa, lakini kwa watu wa mashine, inayoteremka yenyewe huku mtu akikonda ndiyo mbaya zaidi. Nikamuuliza mbaya kiasi gani. Akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nami nilipiga kigelegele, baba.

Hospitali nimepiga simu, inaita tu. Fundi nimempata, ameahidi kukusindikiza kesho. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, sasa vua koti. Waambie umekonda, waambie huli. Na ukiona dari inakwenda mbali, ita. Paza sauti, umkatize muuguzi, uwe mkorofi mbele ya watu wote. Nakuomba adabu yako uiache nyumbani siku moja tu.

Mwanao Kitindamimba

Tarehe 26 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa hapa hapa kitini, mkono wa kushoto ukiwa umefungwa kwenye mirija na wa kulia ukiwa huru kukuandikia. Barua yako fundi alinisomea asubuhi kwa sauti kubwa hadi jirani wakafungua madirisha. Alitaka kuja nami. Nikamsihi abaki, kwa kuwa ana nguo za harusi za watu na neno ni neno. Uniwie radhi kwa hilo.

Ninakushukuru, na nakiri kwamba umesema kweli. Nilifika nikiwa nimedhamiria kuvua koti. Bahati mbaya leo mkuu wa wauguzi alikuwa amesimama pale kwenye mizani akikagua kazi. Ningesema kwa sauti kwamba siku zote nilipimwa nikiwa na koti, binti yule angeaibika mbele ya mkubwa wake, naye kosa lake ni kuniheshimu tu. Kwa hiyo nilipanda kama nilivyo. Nimeamua nitamnong'oneza peke yake atakapopita kunipima presha, naye atapunguza kitakachotolewa bila mtu kujua. Naona ni njia ya amani.

Mkuu amekwishaondoka. Binti yuko upande wa dirisha na bibi mmoja anayelia kwa sababu ya sindano. Amenionyesha kidole, kwamba anakuja. Dereva leo hayupo. Kiti chake kimetandikwa shuka jipya.

Nimeshika leso nyeupe kama nilivyokuahidi moyoni, niipunge ikibidi. Miguu imeanza kukaza kidogo. Binti bado anambembeleza bibi, na haifai kumkatiza mtu anayefariji mwingine. Akimaliza tu nitaipunga. Dari leo imekuwa

Tarehe 26 Februari, jioni

Shikamoo baba,

Natumaini unaendelea vizuri.

Picha ya barua yako imefika sasa hivi, ingawa uliiandikia kitini na fundi alibaki nyumbani. Imekunjwa, na nimeikuza nikatafuta jina lako pembeni na chini, sijaliona. Hujawahi kuniandikia bila kuweka "Ni mimi babako". Hata siku ya msiba wa mama uliliweka.

Fundi kila akituma picha huongeza neno lake. Leo hakuongeza kitu. Sasa simu inaita, ni yeye. Imekatika. Inaita tena.

Baba, sijaipokea. Nimeilaza kifudifudi juu ya mizani hapa kazini. Nimemwandikia kwamba nasubiri barua yako kwanza, kwamba si adabu kumkatiza mtu anayeandika. Ukimaliza ile sentensi, mpe fundi aipige picha. Hata kama ni neno moja.

Inaita tena.

Mwanao Kitindamimba