Nilimsingizia Dakta Lorna

Auburn, Jumanne, Agosti 2021. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, helikopta ya polisi inazunguka juu ya reli kuhakikisha tumo ndani kwa karantini ya korona, na leo nina hasira na mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni mimi.

Shajara yangu ya mtandaoni, nimekuzoesha kubeba ghadhabu zangu juu ya wengine: juu ya serikali inayofungia mitaa yetu ya magharibi kwa askari huku ufukweni watu wakipunga upepo, juu ya chuo kikuu, juu ya makumbusho. Leo utabeba mzigo wa namna nyingine, na nakuomba uubebe mbele za watu, kwa maana ni mbele za watu nilipokosea.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: nasomea historia ya Misri ya kale, mwaka wa tatu, na hujitolea katika makumbusho madogo ya chuo chetu. Ghorofa ya chini, ndani ya sanduku la kioo, amelala mwanamke aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita. Sanda zake za kitani zimefunguliwa hadi mabegani. Watoto wa shule hubandika pua kwenye kioo wakamtazama meno. Kesho saa nne asubuhi kamati itakutana kwa video na kupiga kura: makumbusho yatakapofunguliwa, mwanamke huyu arudi mbele ya wageni, au afunikwe na kupumzishwa ghalani? Mimi nitasema afunikwe. Dakta Lorna, mhifadhi mkuu, bingwa wa Misri anayestaafu mwishoni mwa mwaka, atasema abaki.

Hapa ughaibuni wanafunzi huwaita walimu wao kwa majina matupu. Ulimi wangu umekataa. Kwangu yeye ni Dakta Lorna, hata siku nilipomshambulia.

Nilimshambulia hapa hapa, wiki tatu zilizopita. Hoja yangu ilisimama juu ya namba. Kila kitu cha makumbusho kina namba yake, na namba ya mwanamke huyu inaanza na mwaka ambao Dakta Lorna aliajiriwa. Nikaunganisha moja na moja, nikaandika kwamba alimnunua mwanamke wa Kiafrika kama mtu anunuavyo kabati, katika zama ambazo kila msomi alikwisha kujua kuwa biashara hiyo ni aibu. Sentensi ile ilisafiri. Watu walitia saini, wakaisambaza, wakaitafsiri. Ndiyo iliyowalazimisha wakubwa kuitisha kura.

Nakiri kwamba mapigo ya sentensi ile bado yananipendeza. Uongo wakati mwingine huja na sauti nzuri.

Tangu makumbusho yafungwe, sisi tunaojitolea tumekuwa tukitumiwa picha za madaftari ya zamani ya usajili ili tuyachape nyumbani. Kurasa hugawanywa kwa zamu, hakuna anayechagua. Asubuhi ya leo zamu yangu ilileta kurasa zenye mwandiko mrefu, ulioinamia kulia. Niliutambua mara moja, maana umesahihisha insha zangu kwa miaka miwili. Ulikuwa mwandiko wa Dakta Lorna, wa mwezi wake wa kwanza kazini.

Nilisoma: kreti ya nne, stoo ya chini, juu imeandikwa vyungu. Ndani yake, mwanamke, mtu mzima. Aliletwa na familia ya daktari wa jeshi, kabla ya mtumishi yeyote aliye hai kuajiriwa. Hana namba. Nimempa leo.

Nilisoma mara tatu, kisha nikainuka nikaenda kusimama dirishani.

Mhifadhi yeyote hulijua jambo hili katika juma lake la kwanza: namba hubeba mwaka ambao kitu kiliingizwa daftarini, wala si lazima uwe mwaka kilipofika. Kitu kinaweza kukaa gizani miaka hamsini bila namba. Mimi, niliyealikwa kuhutubia mikutano kuhusu makumbusho, sikujua, kwa sababu sikuuliza. Na sikuuliza kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilinifaa.

Dakta Lorna hakumnunua. Alimkuta amepakiwa pamoja na vyungu, akamtoa, akamwandika. Juu na chini ya ukurasa ule waandishi wengine wameandika kitu, kitu, kitu. Yeye aliandika mwanamke.

Nilimpigia simu Achieng, mwenzangu wa kampeni, Mkenya anayesomea sheria na kuishi Doonside. Nilidhani atashtuka. Hakushtuka.

"Rukia, tulia kwanza," akaniambia. "Kesho usimame useme nini, eti tulibugi? Hao watatumeza wazima. Wewe hiyo line usiirudie, usiikane. Nyamazia tu."

Nilimkumbusha kwamba watu walitia saini kwa sababu ya line hiyo.

"Ndiyo maana nakuambia unyamaze."

Sitamlaumu, kwa maana nililipima shauri lake kwa muda wote ambao chai ilihitaji kuchemka. Kunyamaza kungetosha. Dakta Lorna hakuwahi kujitetea hadharani, na kamati imekwisha kuogopa. Tungeshinda. Lakini nimetumia miaka miwili nikipiga kelele kwamba makumbusho huficha yaliyomo katika madaftari yao. Nikifunika ukurasa huu mmoja, nitakuwa nimejiunga nao bila hata kulipwa mshahara.

Nikampigia Dakta Lorna mwenyewe. Nilimsomea ukurasa wake, nikamwambia nimekosea, nikamwomba radhi.

Kisha akanieleza. Alitaka kujibu siku ile ile, ofisi ya mawasiliano ikamkataza. Watu asiowajua walimwandikia barua pepe za matusi. Dada yake alisoma habari zile kabla yeye hajazisoma. Yeye, binti wa dereva wa basi, aliyejifunza maandishi ya Misri kwa vitabu vya kuazima maktaba, aliyepiga magoti mchangani msimu baada ya msimu akifukua kwa brashi, anafika ukingoni mwa kazi yake akiitwa mfanyabiashara wa maiti.

"Asante kwa kupiga simu," akasema. "Bado nina hasira, Rukia. Na kesho nitakupinga kama nilivyopanga."

Nikamjibu kwamba nami nitampinga. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajaamua kusamehe, kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza: sasa kwa kuwa hakumnunua, hoja yangu imebaki na nini?

Nikamweleza kuhusu Mama.

Mama ni mhudumu wa hospitali huko Westmead, mzaliwa wa Tanga, na ni mmoja wa wanawake wa msikiti wetu wanaoosha maiti za kike. Msimu huu wa baridi kuna waliozikwa bila wao kuruhusiwa kuwagusa, na siku hizo Mama hurudi akakaa sebuleni na koti lake mwilini. Siku anazoruhusiwa, hurudi mwepesi. Lakini siku za aina zote mbili hasemi neno. Jirani akiuliza marehemu alionekanaje, jibu lake ni moja: nimemsitiri. Alichokiona mwoshaji hakitoki nje ya chumba kile. Mimi sidai kwamba Dakta Lorna ni mwizi. Nadai kwamba mwili wa marehemu una haki ya kutotazamwa, na kwamba aliyeutunza ndiye wa kwanza kuilinda haki hiyo.

Dakta Lorna alivuta pumzi. Akauliza kama mama yangu angekubali kuiambia kamati maneno hayo, dakika tano tu. Hata yeye, mpinzani wangu, aliona uzito wake.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi? Nikae mbele ya kamera niwasimulie wazungu maiti?"

"Si maiti fulani, Mama. Kwa jumla tu."

"Kwa jumla ndiko kunakoanzia, mwanangu. Ukishaonja kusimulia, huachi." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka kando. "Huyo mwanamke wenu ana wenyewe?"

"Hana. Wa kwao walikwisha zamani."

"Basi nani atamsitiri? Lakini mimi siji. Na yule mama wa watu, umemwomba radhi?"

Nikasema nimemwomba.

"Wapi?"

"Kwenye simu."

"Umemtukana sokoni, ukamwomba radhi chumbani."

Akarudi kuchambua mchele wake.

Ndiyo maana naandika hapa, mahali nilipomtukana. Dakta Lorna, hukumnunua mwanamke yule. Ulimtoa katika giza ukamwandika kama mtu, nami nilikusingizia mbele ya maelfu kwa sababu ya uvivu uliovaa joho la ujasiri. Naomba radhi. Chapisho la zamani silifuti. Nimelitia masahihisho haya juu yake, ili anayelifikia alifikie kwa kupitia aibu yangu. Achieng, niliyemwonyesha haya kwanza, amekwisha kunitumia ujumbe wenye nukta tatu peke yake. Atarudi. Ananijua.

Hotuba nimeiandika upya. Inaanza na kosa langu, kwa jina langu. Nimejiuliza kama kamati itanisikiliza baada ya aya hiyo, na jibu langu ni kwamba nitazungumza vizuri kiasi cha kuwalazimisha wanisikilize.

Kisha nitawaambia kwamba nilimwalika shahidi mmoja, mwanamke mwenye ujuzi wa wafu kuliko sisi sote tutakaokuwa kwenye skrini, na kwamba amekataa kuja, na nitawaeleza kwa nini amekataa: alichokiona mwoshaji hakisimuliwi.

Shahidi mwingine sina, na simtafuti.