Amal Amekasirika

Rafiki yangu Zuleikha,

Leo Alkhamisi, mapumziko ya wiki yameanza, skuli hakuna. Nimekaa jikoni kwangu hapa Sib, Oman, sauti imenikauka na pua imebabuka kwa jua. Siku ya michezo tumeifanya jana, na tumeifanya ulivyotaka wewe. Karibu yote. Kila ninayemhadithia ananiambia hongera tu, na mie sitaki hongera. Nnataka mtu wa kubishana naye.

Nianze na ugomvi wetu, maana tuliuacha njiani. Tulikuwa chumba cha walimu, chai mkononi, wewe mwalimu wa darasa la wasichana wenye ulemavu, mie wa michezo. Nikakuonyesha mpango wangu: skuli nzima ishindane, halafu mwishoni wale wasichana wako kumi na mmoja wapite kiwanjani na maputo, kila mmoja avishwe medali. Nilidhani utanikumbatia. Ukaweka kikombe chini, ukasema kwa Kiswahili chako cha Bujumbura nilichokuwa nakicheka, "Raya, hawa si maharusi. Waingize kwenye timu. Wapate pointi, na wapoteze pointi." Nikakwambia utawaaibisha mbele ya mama zao. Ukanijibu kwamba mwenye aibu ni mie.

Wiki mbili hatukusemezana ila salamu. Halafu ukalazwa. Nilikuja hospitali mara tatu, tukazungumza mapishi, mwanao, joto. Michezo hatukuigusa. Mpaka leo nnajiuliza: ulikuwa umenisamehe, au ulikuwa umechoka tu?

Tulipokwisha kukuzika, mkuu wa skuli, mudira wetu, aliniita ofisini kwake. "Abla Raya," alisema, "darasa la marehemu utalishika wewe mpaka tupate mwalimu. Na siku ya michezo iko palepale."

Niliingia darasani kwako na daftari, na kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikauliza nani anataka kucheza nini. Sheikha, yule asiyeona, akauliza badala ya kujibu: "Abla, kiwanja chetu kina umbo gani?"

Miaka minne yupo skuli ile, Zuleikha. Miaka minne.

Nikamshika mkono tukakizunguka. Akawa anahesabu hatua, na kila tukikaribia ukuta alinambia, "Hapa pana ukuta," kabla hatujaufikia. Kajuaje? "Sauti ya viatu vyako imebadilika," akasema. Alipokwenda zake nikafumba macho nikajaribu peke yangu. Nikajigonga kwenye nguzo ya goli. Mudira aliniona kutoka dirishani.

Tangu hapo nikashikwa na hamu ya kujua kila kitu. Mbona sikuwahi kuwa nayo ulipokuwa wewe unanieleza? Niliiacha filimbi nikashika bendera, ili wasiosikia waanze sawa na wenzao, na ikawa wanaosikia ndio wanaochelewa, macho yao yako kwa mashoga zao. Viti vya magurudumu vilizama mchangani, basi sehemu ya mwisho ya mbio za kupokezana vijiti tukaihamishia kwenye saruji, pale wanapopanga mistari asubuhi. Wasichana wanne wa viti, timu nne: kila timu ikapata mmoja wa kumalizia.

Mmoja wao ni Amal. Mama yake alikuja kunikatalia. "Sitaki mwanangu achekwe," alisema. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, na kuyasikia kinywani mwa mtu mwingine kulinitia haya. Nikamwambia amuulize Amal, nami nitafuata atakalosema. Amal akamtazama mama yake akasema, "Mimi nishapangwa timu nyekundu." Basi.

Lakini nikwambie kweli: bado sikukuamini. Nilinunua medali kumi na moja nikazificha mkobani.

Jana, Sheikha alipokimbia, mwenzake alisimama mwisho wa njia anamwita kwa jina, na ili amsikie skuli nzima ilibidi inyamaze. Unawajua wasichana wetu. Wallahi, walinyamaza. Zikasikika nyayo zake tu kwenye mchanga. Alikuwa wa pili, na kelele zilizopigwa baadaye sijui kama hukuzisikia huko uliko.

Kisha vijiti. Amal alipokea wa pili, akaanza kumfukuzia Fatma wa timu ya kijani. Karibu na mwisho viti viligusana, cha Amal kikageukia pembeni, wawili waliokuwa nyuma wakampita. Timu nyekundu ikawa ya nne. Nikasema, hiki ndicho nilichomwambia Zuleikha. Nikakimbia na mkoba wangu, nikamvisha medali.

Akaishika, akaitazama. "Abla, hii ya nini? Sisi wa nne."

Nikautengeneza utepe shingoni mwake.

Akaivua akanirudishia. "Fatma amenikatia njia. Nnataka kulalamika kwa waamuzi."

Na akalalamika! Waamuzi wetu watatu wakaenda kwenye saruji, wakatazama mistari, wakamsikiliza yeye na Fatma, wakarudi na jibu kwamba Amal ndiye aliyetoka kwanza kwenye njia yake. Akasema waamuzi hawaoni, akaondoka bila kuniaga.

Mama yake alikuwa kasimama nyuma yangu, baibui limejaa vumbi. Nikajiandaa kwa lawama. Akanambia polepole, "Mwanangu amekasirika." Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Miaka yote anaambiwa hongera, anashukuru. Sijapata kumuona akigombana na mtu kwa ajili ya mchezo."

Umeshinda, shoga yangu. Nimekubali. Lakini si yote, usijivune. Ulitaka wote kumi na mmoja washindane, na yule mdogo kuliko wote darasani, anayeziba masikio akisikia kelele hakutaka. Nilimuuliza mara mbili, akatikisa kichwa mara mbili. Nikamwacha maktaba na mwalimu wake wa kuchora, na aliporudi alikuwa na furaha yake. Ungenibishia hapo? Ningependa kujua ungesema nini. Hilo ndilo linaloniuma: si kwamba ulikuwa na haki, ila kwamba siwezi tena kukusikia ukikosea.

Mudira amesema nikitaka, darasa lako nibaki nalo. Nimekubali. Nnakuahidi hivi: kila msichana atakayeingia mlangoni pako, kabla sijafungua faili lake kusoma ana ulemavu gani, nitamuuliza anapenda nini, na nitangoja jibu hata likichelewa.

Mungu akupe nafasi pana huko, Zuleikha. Pumzika. Jumamosi asubuhi nnaingia darasani.

Mwenzio,
Raya