Mkato Kwenye Jedwali la Maji

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Wiki ya pili ya mafunzo Mbarara. Chai, mkate, kompyuta. Maji tuliyochota mwezi uliopita, ya bomba letu la Juru, kambini kwa wakimbizi, na ya ziwa, sasa ni herufi tu: A, C, G, T, kurasa na kurasa. Ni ADN ya vijidudu vyote vilivyokuwa mule, imesomwa kwa pamoja. Hapa wanasema DNA. Nikisema ADN wanacheka, basi sisemi.
Niko na Asiimwe, binti wa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Makenke. Ananiita Mama Kimya. Ijumaa ataeleza kazi yetu mbele ya wageni. Namshukuru Mungu si mimi.

Jumanne, tarehe 5
Nimechapa jedwali: namba ya chupa, joto la maji, fasi yalikotoka, bomba au ziwa. Kazi isiyohitaji mdomo. Nimeifurahia.

Jumatano, tarehe 6
Mambo yameharibika. Picha ilipaswa kutenganisha vijidudu vya bomba na vya ziwa. Penye majina hayo imeandika 5, 8, 1. Madamu anayetufundisha alimkuta Asiimwe kwenye kompyuta. Akasema amechapa ovyo, Ijumaa kundi lingine litaeleza. Asiimwe hakubisha. Amri za picha alizichapa yeye, akadhani kosa liko humo. Na alishamwalika baba yake.
Mimi nilitazama viatu vyangu.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeona. Ni mkato. Niliandika 22,5, kama tulivyofundishwa kwa Kifaransa shuleni Uvira. Hapa wanaweka nukta. Kwa kompyuta mkato ni ukuta: 22 ikabaki kwenye joto, 5 ikaruka ikakaa kwenye fasi.
Kosa ni langu. Ningeweza kurekebisha na kunyamaza. Niseme ukweli: nilitaka hivyo.
Saa nane nilisimama.
"Madamu, si yeye. Ni mimi niliweka mikato. Kwetu tunaandika vile."
Hakuna aliyecheka. Madamu alibadilisha mikato yote kuwa nukta, picha ikajitenga: bomba huku, ziwa kule. Akamwambia Asiimwe ajitayarishe kwa kesho.
"Kumbe Mama Kimya iko na mdomo," Asiimwe alisema. Halafu hakuongea na mimi mpaka jioni. Ana haki.

Ijumaa, tarehe 8
Ameeleza vizuri. Baba yake alikaa mbele na magwanda yake, mgongo wima. Asiimwe alipofika kwenye kosa, alisema, "Tulikosea." Tulikosea. Sikutegemea.

Jumapili, tarehe 10
Juru. Baada ya ibada nimeenda kuchota maji. Mama ameuliza nimejifunza nini huko. Nikasema: kuweka nukta. Amecheka mingi.
Nimepima joto la maji ya bomba kwa kipimajoto walichotupatia. Kwenye fomu yao nimeandika 23.1.
Hapa kwenye daftari langu, fasi hakuna kompyuta itakayosoma: 23,1.