Barabara ama Mzigo

Kutoka Endebess mpaka Bungoma mjini, hakuna kichwa kama changu. Simu ambayo mafundi wengine wameshaizika, mimi naifufua huku natafuna muhogo. Shule niliiacha kidato cha pili, ikiwa bado inanihitaji.

Leo Alhamisi. Mvua inatishia Kitale tangu asubuhi na hainyeshi. Nimekaa, nimesimama, nimefagia kibanda mara tatu. Simu za wateja zinanitazama tu hapo mezani.

Wacha niseme.

Mwezi uliopita nilinunua pochi ya bitcoin, ile ya kushika mkononi, kadude kadogo kama kiberiti. Ndiyo inalinda akiba yetu, mimi na dada yangu Nekesa. Yangu ni ya kutengeneza simu. Yake ni ya tumbaku, misimu miwili ya kubeba majani mgongoni huko kwetu Malakisi. Tunataka mashine ya kusaga unga.

Ukikawasha mara ya kwanza, kanakuonyesha maneno ishirini na nne ya Kizungu, moja moja. Unayaandika kwa karatasi. Siku kadude kakiharibika, hayo maneno ndiyo yanarudisha kila kitu. Sasa mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwa tope. Nikaenda Malakisi, mimi nikasoma, Nekesa akaandika. Karatasi nikaishonea ndani ya mto.

Namba ya siri nilichagua mwenyewe. Si mwaka wa kuzaliwa kama nyinyi. Namba nane ambazo hata shetani hawezi kuotea. Jumatatu nikahisi jamaa wa kibanda jirani ameichungulia, nikabadilisha. Jumanne nikabadilisha tena.

Jana nikaikosea mara tatu. Kadude kakajifuta, kakidhani mimi ni mwizi.

Sikushtuka. Karatasi si iko? Nikaingiza maneno yote. Kakakataa. Nikarudia mpaka kidole kikauma, ndipo nikaona kadude kana 'load' na pia 'road'.

Nikampigia Nekesa nikiwa moto. "Uliandika nini wewe? Hii 'road' imetoka wapi?"

"Si ndivyo ulisema?"

"Nyinyi watu wa Malakisi, r na l kwenu ni mapacha. Mimi ulimi wangu Kitale imeunyoosha."

"Haya, profesa. Sema 'load', ile ya mzigo."

Nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. "Wafula, hiyo umesema ni barabara, bana." Halafu sauti ikabadilika. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nilikuwa napima tu."

Tangu alfajiri nabadilisha, hapa r, pale l. Barabara ama mzigo. 'Crowd' ya umati ama 'cloud' ya wingu. Maneno ya namna hiyo nimehesabu saba, na kila nikibadilisha moja lazima nirudie yote. Bado kanakataa.

Watu wa hapa nimewaambia nimeuziwa feki.

Si feki. Siku ile Malakisi Nekesa alisimamisha kalamu, akaniuliza, "Ni ya mzigo ama ya barabara?" Nikamwambia aandike tu, asinifundishe Kizungu. Nikamcheka. Akainama, akaandika, na hakuniuliza tena.

Mimi sikujua kama ni maneno mawili.