Mustang Haisukumwi, Papa Furaha

Papa Furaha wangu,

Sikuandikii kukuomba radhi. Ndugu zako wanasema nimechafua matanga yako, kwamba hapa Kalembe haijaonekana mjane aliyefanya nilichofanya mimi. Ni kweli, haijaonekana. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watakaokufuata huko uliko.

Unakumbuka siku uliyolileta lile gari? Lilikuwa juu ya lori, limefungwa kwa kamba za ng'ombe, halina kioo hata kimoja, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Meneja wa shamba moja la ng'ombe huko Masisi alitaka kibanda chake kwa ajili ya ndama, akakuambia uliondoe upesi. Na wewe, fundi uliyezoea malori yanayorudi kutoka migodi ya Omate yamevunjika springi, ukashuka unacheka kama mtu aliyeoa tena.

"Mama Furaha, hii njo Mustang! Motuka ya Wamarekani. Ilikuwa inakimbia mbele ya siye kuzaliwa."

"Na sasa inafanya nini?" nikakuuliza. Ukaanza kufungua kamba.

Nililichukia, usijifanye hukujua. Nililiita mke mwenzangu mbele ya wageni. Uliikuta injini yake imeganda kabisa, ukaitoa, ukaagiza nyingine kutoka Goma, V8 ya siku hizi inayoongozwa na kompyuta, pamoja na giaboksi ya otomatiki. Ukaliinua kwa springi za Land Cruiser ili tumbo lisikwanguliwe na mawe ya barabara yetu. Ukalitia vioo, ukatupa breki za zamani, ukaweka za diski magurudumu yote manne. "Kwenda mbio iko rahisi," ulisema, "kusimama njo kazi." Na hizo breki zilitoka wapi? Misimu mitatu nililima maharagwe, nikavuna, wewe ukapanda lori na magunia, ukarudi na vyuma. Nilinung'unika mpaka majirani wakazoea.

Ulipokuja kuniuliza rangi, nilikuwa nimetoka kupalilia na mgongo unaniuma. Nikakutupia jani la maharagwe usoni. Ukaliokota, ukaligeuza. "Basi, njo hii," ukasema, na ukalipaka gari kijani hicho hicho. Hasira ikaniisha palepale. Ni kazi ngumu kumkasirikia mtu wa namna yako.

Halafu ukaniweka kwenye usukani. Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani.

"Papa Furaha, batu batacheka."

"Bacheke. Kanyaga."

Nikakanyaga. Liliunguruma hadi mbuzi wa jirani akakata kamba. Watu walicheka kweli, na wengine wakakuuliza kama umekosa la kufanya na mke wako. Tulipofika juu ya kilima ukafumba macho, ukasema, "Endesha wewe, mimi nisikilize injini." Siku hiyo nilijiona mtu mkubwa. Sikuwahi kukuambia, nakuambia sasa.

Homa ilikuchukua ndani ya wiki moja. Siku ya kuondoa matanga ndugu zako walikaa kugawana vitu vyako, kama ilivyo desturi, na mimi nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Koti lilikwenda, buti zikaenda, sanduku la spana likaenda. Ndipo Papa Safari, kaka yako mkubwa, aliposimama. Alikuwa amekuja na mnunuzi kutoka Goma, bwana mmoja wa viatu vyeupe.

"Motuka inaenda kwa bandugu," akasema. "Muke hawezi kubakia na motuka." Akaninyooshea mkono. "Ufunguo."

Nikampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Ufunguo tu ndio aliouomba.

Wewe unajua ule ufunguo unafungua milango tu. Injini inaamshwa na kitufe ulichokificha chini ya kiti, tena mguu ukiwa kwenye breki. Nilikupa spana miaka yote hiyo, lakini hakuna mwanamume hata mmoja aliyegeuka kuniuliza. Wakakaa ndani, wakauzungusha ufunguo kwenye tundu la zamani bila kitu kuwaka, wakatoka. "Batri imekufa," wakasema. Na kwetu batri ikifa hakuna anayefikiri mara mbili, gari linapelekwa kwenye mteremko. Watoto wa milima hii wanajua kusukuma gari kabla hawajajua kuhesabu.

Wanaume wanane, Papa Furaha! "Sukuma! Sukuma!" Walipita kanisa, wakapita shamba langu, mnunuzi naye akisukuma na viatu vyake vyeupe. Ndugu zako wote ulikuwa umewaambia, kila mlipokaa kunywa, kwamba gari la otomatiki halina klachi ya kuachia, hata ulisukume mpaka migodi ya Bisie haliwaki. Wote walikuwa wamesahau. Wanawake wakaanza kucheka, wameziba midomo kwa vitenge, na mimi nikacheka nao kwenye matanga yako, Mungu anisamehe.

Mteremko uliwaishia kwenye tambarare karibu na daraja. Wakatuma mtu kuniita. Nikashuka polepole, nikaingia, mguu kwenye breki, kidole chini ya kiti. Likanguruma. Wakapiga makofi!

"Merci, Mama Furaha," akasema Papa Safari. "Sasa toka."

Nitakuambia ukweli. Nilitaka kutoka. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje, kwa sababu nimelelewa kutii, na niliwaogopa. Mnunuzi alikuwa ameshafika mlangoni. Papa Safari akaona nasitasita, akainama kunielewesha, tena kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Usikasirike, mama. Wewe pia uko wa familia. Motuka na wewe, byote biko byetu."

Nikaurudisha mguu ndani. Nikafunga mlango, nikateremsha kioo kidogo.

"Byote, Papa Safari?"

"Byote."

"Basi mutukamate."

Nikaweka gia. Nilipanda kile kilima bila kutazama nyuma, wanawake wamesimama kwenye mikeka wakipiga vigelegele, na mimi nalia kwa sauti, sijui kama ni kwa uchungu au kwa furaha.

Hawajatukamata. Papa Safari anatuma maneno kila wiki, eti kutakuwa na kikao kingine cha familia. Kiwe. Nitakwenda nikiendesha mwenyewe, na safari hii sitakaa mkekani. Nitawaambia breki ni za jembe langu, injini ni ya mikono yako, na mtoto wetu Furaha ameshaanza kujifunza usukani. Wakitaka kunisema, waniseme nikiwasikia.

Bado nakulilia, asubuhi hasa, nikigeuka na kukuta upande wako wa kitanda umepoa. Lakini nikishalia naamka. Pumzika, mume wangu. Walikuja kugawana ulivyoviacha, nami walinihesabu humo.

Mkeo, asiyegawanywa,
Mama Furaha