Picha za Aabo Zimetoka Majini

Aabo,

Assalamu aleykum, baba yangu. Nianze na lililokuwa likininyima usingizi: picha zako zimepona. Si zote, lakini nyingi kuliko nilivyothubutu kuomba.

Mvua zilianza muda mfupi baada ya kukuzika. Mto Tana ukafurika, ukaingia hapa Garissa mpaka ndani ya studio yako. Barabara ilikatika. Mimi na Hooyo, mama na binti, tukakaa kwa shangazi, nami kila asubuhi nasimama mbali, nalitazama lile paa la bati, sina njia. Wewe uliyepanda malori ya mifugo na kamera yako hadi Hadado, hadi Rhamu, ukawapiga picha watu ambao hawakuwahi kupigwa... yote yale majini.

Maji yalipopungua niliingia, tope magotini. Masanduku ya negativu, zile filamu za picha zako, yamejaa maji. Hooyo akasema, "Basi, mwanangu. Tumwachie Mungu." Lakini nilikukumbuka ukinifundisha: "Filamu ikilowa usiikimbize juani. Irudishe kwenye maji safi, iliyogandana itaachana yenyewe." Nikatafuta mabeseni, nikafunga kamba ukumbini, nikakusanya vibanio vya nguo. Na Hooyo huyohuyo akawa ndiye wa kubadilisha maji.

Kwenye filamu moja akatokea yule mzee wa Hadado! Aliyekataa kupigwa picha bila ngamia wake, na ngamia naye akakataa kuingia mlango wa nyumba uliyokuwa ukipigia picha huko, ikabidi pazia lako lililochorwa bustani ulitundike nje. Ngamia kafumba macho. Hooyo alicheka hadi akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke.

Halafu wiki iliyopita akaja mwanamke kutoka Rhamu, Halima. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, hamjui hata kwa sura. Alisikia tu kwamba uliwahi kumpiga picha mama yake akiwa ameshika ile redio uliyokuwa ukiwapa watu waishike pichani. Alikuja na mama yake mdogo, kwa sababu yeye mwenyewe asingemtambua. Aabo, nani hakushika redio ile? Tulitafuta mpaka adhuhuri. Nilipoinua negativu moja kwenye mwanga wa dirisha, yule mama mdogo akanishika mkono. "Ndiye. Wallahi, dada yangu ndiye."

Niliichapa kwenye karatasi palepale, katika chumba chako cha giza. Halima aliiangalia, kisha akajigusa uso. "Kumbe pua hii ni yake," akasema, akacheka, akalia.

Tangu siku hiyo nalala. Nilidhani umekwenda na wote uliowapiga picha.

Studio siifungi. Mlango nimeupaka rangi ya kijani, usinikasirikie, buluu yake ya zamani haikuwepo dukani. Picha zote zikiwa tayari nitapanda gari la Mandera, nishuke kila mahali uliposhuka, niwapelekee watu nyuso za wazee wao. Hiyo ni ahadi.

Mola akutilie nuru kaburini. Pumzika, Aabo. Kazi ina mtu.

Binti yako,
Sahara