Mshale wa Pijo Siku ya Matanga

Baba,

Shikamoo huko uliko. Mikono yangu bado ina damu ya mtu. Nimeisugua kwa petroli na sabuni ya kipande, kwenye kucha haitoki.

Ulipoanguka gereji kwa presha, Tabora nzima ilisema mwanao wa kike hataliweza gari lako la zamani, lile Pijo. Nililiendesha mimi mpaka Bukene, nyuma ya jeneza lako. Tulikuzika vizuri, Baba. Kilichoharibika ni matanga.

Siku ya kuanua tanga akaja Ndahani, mtani wako Mgogo, yule aliyekuita mpagazi nawe ukamwita ombaomba miaka yote. Akavaa ovaroli yako, akaingia kwenye Pijo, akawasha injini. Akainamisha pua kwenye ile geji ya vakyumu uliyoifunga chini ya dashibodi kupima pumzi ya injini, akakohoa kama wewe: "Mshale hausemi uongo, binadamu ndiye mwongo!" Yaani ulikuwa wewe mtupu! Wamama walicheka mpaka wakalia. Akasema gari limekuwa lake, hashuki mpaka likombolewe kwa jogoo, kama desturi ilivyo.

Mdogo wako Mihayo hakucheka. Tangu tukuzike alikuwa anadai Pijo ni urithi wake, na siku hiyo alikuwa amekunywa gongo toka asubuhi. Ndahani akamwambia, "Wewe mpagazi, gari la nini? Jitwishe mzigo utembee." Baba Mdogo akaokota panga la kuni. Jamani, nani anamkasirikia mtani msibani? Alimkata dirishani hapohapo, begani, kisha karibu na shingo. Nikamtandika Baba Mdogo spana ya magurudumu mdomoni, meno yakadondoka, na ningemmaliza kama Shangazi asingenikamata. Sijutii. Mshenzi yule.

Gari jingine halikuwepo. Tukamlaza Ndahani nyuma kwenye godoro la waombolezaji, Shangazi akamkandamiza jeraha kwa kanga, tukashika njia ya hospitali ya Nzega.

Baba, ile valvu iliyoanza kuungua hukuwahi kuibadilisha. Mshale ulikuwa unashtuka kila mpigo. Mguu wangu ulitaka kukanyaga mpaka chini, nikakusikia unanifokea: "Ukikanyaga kwa hasira mshale unalala, na injini itakulaza porini!" Basi nikakanyaga kwa adabu, huku nikitukana. Niliushikilia mshale kwenye ule mkwaruzo uliouchora kwa msumari juu ya kioo cha geji, kwa sababu ile sehemu yake ya kijani, ulisema, ni ya watu wa pwani, sisi huku juu hewa yetu nyepesi. Nilimgonga mbuzi wa watu, sikusimama.

Ndahani alipiga kelele nyuma: "Mpagazi, nibebe taratibu, mimi si pembe ya ndovu!" Nikacheka huku nalia. Baadaye akanyamaza. Nikaanza kumtusi ili ajibu. Ombaomba we! Mla vya watu! Jibu! Shangazi akaniambia niangalie barabara. Niliangalia geji. Mshale ulikuwa palepale, unatetemeka, na Pijo halikuzima hata mara moja mpaka getini mwa hospitali. Nesi alimgusa shingoni, akamfunika uso kwa ile kanga.

Baba Mdogo yuko polisi. Shangazi anasema nimsamehe, ni damu yetu. Sitaki. Nikimwona nitampiga tena.

Valvu nimeibadilisha jana, nimefungua injini peke yangu, nikilia juu ya boliti. Kesho nalifuata jeneza la Ndahani mpaka kwao Bahi. Nilidhani ndugu zake watatupokea kwa mishale, na ningewaelewa. Lakini kaka yake amepiga simu: "Utani haufi kwa panga la mlevi mmoja. Mzee wenu hayupo, basi mtani wa msiba ni wewe. Njoo ufanye kazi yako."

Kazi yangu, Baba! Nivae shati lake, nikae mlangoni pa mjane, nimwombe ugali kwa sauti ya marehemu, niseme Wagogo hata kaburini wananyoosha mkono. Mimi, mtoto wa nyumba iliyomuua.

Nitakwenda. Nakuahidi, nitaigiza mpaka wacheke, na mjane wake akinizaba kofi sitarudisha, nitaendelea kumwomba ugali.

Lala salama, Baba.

Mwanao,
Kalunde